Safu inayokosekana kwenye ubao wa matokeo

Ingia ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya upili ya umma katika Kaunti ya Taita Taveta, iwe Wundanyi, Mwatate, Voi au Taveta, na huenda kabla hujaonyeshwa kiti macho yakatua kwenye ubao wa matokeo. Umechorwa mistari kwa rangi ya mafuta na aghalabu unameza sehemu kubwa ya ukuta. Kushoto ni miaka ya mtihani. Inafuata idadi ya watahiniwa, kisha gredi kuanzia A hadi E, kila gredi na hesabu yake. Kulia kabisa ni wastani wa shule, na kando yake idadi ya waliopata C+ na zaidi, yaani waliofikisha alama za kujiunga na chuo kikuu.

Mzazi anayemtafutia mwanawe nafasi huupitisha macho ubao huo kutoka juu hadi chini, akasimama kwenye safu ya wastani. Hata yule ambaye hajawahi kukanyaga ofisi hiyo anaijua namba, kwa sababu imezungumzwa sokoni, kwenye matatu na nje ya kanisa. Ile ina mean ya saba. Ile nyingine haijawahi kuvuka nne. Hukumu imeshatoka, na shule ya pili haitajwi tena mpaka mtoto akose nafasi kwingine kote.

Nimeishi na mazungumzo haya kwa muda mrefu, na ninaamini yanawaumiza watu wengi wasiostahili: walimu wanaofanya kazi ngumu kuliko wenzao bila kupongezwa, na watoto wanaoambiwa tangu wiki ya kwanza ya masomo kwamba wameletwa mahali pa walioshindwa. Ubao ule una safu moja inayokosekana. Hauonyeshi wanafunzi waliingia na alama gani.

Chukua mtihani wa mwisho wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, wa mwaka 2023. Watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni 1.4 nchi nzima, na waliopata alama 400 au zaidi kati ya 500 walikuwa 8,525 tu. Waliopata kati ya 100 na 199 walikuwa 383,025. Kwa sera ya kila mtoto aendelee na masomo, iliyoanza kutekelezwa kikamilifu mwaka 2018, wote hao walitakiwa kuingia kidato cha kwanza Januari 2024. Wale elfu nane na mia tano walisambazwa kwenye shule za kitaifa. Wale laki tatu na elfu themanini walikwenda wapi? Wengi wao walipokelewa na shule za kutwa za kaunti ndogo, zile zilizo karibu na nyumbani, ambazo hazikuwa na la kuchagua.

Sasa tuseme shule moja ya bweni imepokea wanafunzi wenye wastani wa alama 370, na baada ya miaka minne ikatoa wastani wa 8, yaani B-. Shule ya kutwa iliyo bondeni imepokea wanafunzi wenye wastani wa alama 190, ikatoa wastani wa 5, yaani C-. Kwenye ubao, ya kwanza imeishinda ya pili kwa pointi tatu nzima. Lakini mtoto wa alama 370 alikuja akisoma Kiingereza bila shida na hesabu za sehemu na desimali amezimaliza. Mtoto wa alama 190 alikuja akihangaika kuelewa swali lenyewe linauliza nini. Kumfikisha huyu C- ni kazi ya walimu waliorudi nyuma wakamfundisha mambo ya darasa la sita huku wakiukimbiza mtaala wa kidato cha pili. Mimi ningemvulia kofia mwalimu mkuu wa shule ya pili kabla ya kumpigia makofi wa kwanza, ijapokuwa wa kwanza naye hakulala.

Mpangilio wa shule za Taita Taveta una historia yake. Wamisionari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883. Wakatoliki wakajenga misheni yao Bura mwaka 1892. Walipenda milima, kwa kuwa kulikuwa na maji na baridi, na watu walikuwa wengi kuliko nyikani. Shule zikafuata makanisa. Ndiyo maana hadi leo majina makubwa ya elimu katika kaunti hii yako juu ya milima ya Dawida au chini ya miteremko yake: Murray Girls, Dr. Aggrey, Bura Girls, Kenyatta High School ya Mwatate. Dr. Aggrey yenyewe ina jina la James Aggrey, msomi wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyezuru Kenya mwaka 1924 pamoja na tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu ya Waafrika. Kwa miongo mingi shule hizi zilipokea watoto kutoka Mkoa wote wa Pwani, na wengi wa waliozipitia wamekuwa walimu, madaktari na maafisa wa serikali.

Kwa muda mrefu shule za kitaifa nchini zilikuwa 18. Serikali ilipoanza kuziongeza mwaka 2011 hadi zikapita mia moja, Bura Girls na Kenyatta High School zikapandishwa daraja na kuwa za kitaifa. Ilikuwa heshima kubwa kwa kaunti, na ilistahili. Ila kupanda kwao kulikuwa na matokeo ambayo hayakuzungumzwa vya kutosha. Shule ya kitaifa inachukua wanafunzi kutoka kaunti zote 47. Nafasi zilizokuwa za mtoto wa Mwatate au Taveta mwenye alama za kati zikagawanywa kwa nchi nzima, na mtoto huyo akateremka ngazi moja. Akaingia shule ya kutwa, na shule hiyo ikapata mwanafunzi mzuri kuliko iliowazoea. Upande huo wa habari ulikuwa na heri yake, maana baadhi ya shule za kutwa zilizoanza kutoa wanafunzi wa chuo kikuu zilipata mbegu zake kwa njia hiyo.

Huko nyikani hadithi ni tofauti. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zinachukua karibu asilimia 62 ya ardhi yote ya kaunti. Mashamba ya mkonge na ranchi za mifugo yanachukua sehemu kubwa ya kilichobaki. Watu 340,671 waliohesabiwa mwaka 2019 wamebanana milimani, au wametawanyika katika vijiji vilivyo mbali kimoja na kingine, Kasigau, Marungu, Maktau na kwingineko. Shule nyingi za upili za huko ni changa. Zimetokana na harambee za wazazi na fedha za maendeleo ya maeneo bunge (CDF), darasa moja mwaka huu na jingine baada ya uchaguzi.

Mwanafunzi wa kutwa huko hutembea. Tembo wanapotoka mbugani wakati wa kiangazi wakitafuta maji na mahindi, njia ya shuleni huwa pia njia yao. Mzazi mwenye busara hamruhusu mtoto kutoka nyumbani kabla jua halijachomoza vizuri, na mwalimu mwenye busara hawazuii wanafunzi hadi saa kumi na mbili jioni kwa masomo ya ziada. Hesabu mwenyewe. Mwenzake wa bweni anaamka saa kumi alfajiri na anakaa prep hadi saa nne usiku. Kwa wiki moja tu pengo la saa za kusoma limekuwa kubwa, na hilo ni kabla hujahesabu kwamba wa kutwa akifika nyumbani kuna mbuzi wa kurudisha, kuni za kutafuta na mtungi wa maji. Wasichana ndio wanaolipa zaidi, na kila mwalimu wa nyikani anaweza kukuonyesha dawati la msichana aliyekuwa wa kwanza darasani katika kidato cha pili na hayupo katika kidato cha tatu.

Maji yenyewe ni jambo la kusikitisha. Chemchemi za Mzima ziko ndani ya kaunti hii, katika Tsavo Magharibi, na bomba lake limekuwa likipeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950. Shule zilizo upande huu wa nyika zinanunua maji ya bauza. Ukame wa mwaka 2021 hadi 2023 ulipobana, chakula cha mchana kilikuwa sababu ya kwanza ya wanafunzi wengi kuja shuleni, na palipokosekana unga madarasa yalipungua. Hakuna safu ya ukame kwenye ubao.

Pesa pia hazilingani, na hapa mzazi anahitaji kuelewa hesabu ilivyo. Elimu ya bila malipo katika shule za upili za kutwa ilianza mwaka 2008 kwa mgao wa Sh10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mwaka 2018 mgao ukapandishwa hadi Sh22,244. Mwanafunzi wa shule ya kitaifa hupata mgao uleule, na juu yake mzazi wake hulipa karo ya Sh53,554, hivyo shule inakuwa na Sh75,798 za kumhudumia. Ni kweli sehemu kubwa ya tofauti hiyo inakwenda kwenye chakula na malazi. Lakini shule yenye wanafunzi elfu moja na zaidi, kila mmoja akiwa na hiyo nyongeza, inaweza kununua basi, jenereta na vitabu vya ziada, na kumwajiri mwalimu wa bodi wa Fizikia mara tume ya kuajiri walimu, TSC, inapochelewa kumleta. Shule ya kutwa yenye wanafunzi 140 inategemea mgao peke yake, unaokuja kwa mafungu matatu, asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu, na fungu likichelewa mpishi na mlinzi hukaa bila mshahara. Mwezi Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaeleza wabunge kwamba serikali haiwezi tena kutoa Sh22,244 kamili, na kwamba kinachopatikana ni kama Sh16,900. Pigo hilo halianguki sawa. Shule ya bweni inaumia. Shule ndogo ya kutwa inasimama.

Mahali ninapopenda kumpeleka mtu anayetaka kuelewa tofauti hizi ni maabara, asubuhi ya mtihani wa vitendo wa Kemia. Siku kadhaa kabla, shule hupokea maelezo ya siri ya baraza la mitihani, KNEC, yanayotaja kemikali na vifaa vinavyohitajika kwa kila mtahiniwa. Katika shule iliyojengeka, msaidizi wa maabara anafungua kabati, anahesabu bureti, anapima asidi, anaweka kila kitu mahali pake. Mtahiniwa anafungua bomba la bureti kwa vidole viwili, anatikisa chupa kwa mkono wa pili, na kimiminika kinapogeuka waridi hafifu anafunga mara moja. Mkono wake unajua, kwa kuwa amefanya hivyo mara nyingi tangu kidato cha kwanza. Katika shule ya nyikani, mwalimu wa Kemia ndiye huyohuyo wa Biolojia, na ndiye msaidizi wa maabara. Chumba ni darasa lililowekewa meza ndefu. Bureti zilizopo hazitoshi, kwa hiyo tangu kidato cha kwanza wanafunzi wamekuwa wakifanya jaribio kwa makundi ya wanane, mmoja akishika na saba wakitazama. Leo kila mmoja amepewa ya kwake, iliyonunuliwa au kuazimwa wiki hiyo. Anafungua bomba, kimiminika kinapita waridi hafifu na kuwa waridi iliyokolea, na namba anayoandika haikaribii ile inayotakiwa. Mtoto huyu anaweza kukueleza kwa ufasaha kwa nini rangi inageuka. Kilichomkosesha alama ni mkono ambao haukupewa nafasi ya kujifunza.

Kuna tatizo jingine la wastani ambalo hata walimu hulisahau. Shule nyingi za kutwa katika kaunti hii ni ndogo. Tuseme ina watahiniwa 25. Mwaka mmoja wanatokea wanafunzi watatu hodari waliobaki nyumbani kwa kukosa karo, nao wakapata B, yenye pointi 9, badala ya D yenye pointi 3 ambayo ingekuwa ya kawaida hapo. Pointi 18 zimeongezeka, na wastani wa shule umepanda kwa 0.72. Watu wanacheza ngoma uwanjani. Mwaka unaofuata hawapo, wastani unashuka kwa kiasi hichohicho, na wazazi wanataka mwalimu mkuu ahamishwe. Katika shule ya watahiniwa 300, wanafunzi watatu kama hao wangesogeza wastani kwa 0.06 tu, na hakuna ambaye angegundua. Mwalimu yuleyule na mbinu zilezile, mwaka mmoja ni shujaa na mwaka wa pili ni mzembe. Ukitaka kuilinganisha shule ndogo na nyingine kwa haki, jumlisha angalau miaka mitano.

Na kuna njia rahisi ya kuupandisha wastani ambayo hatupaswi kuinyamazia. Mwanafunzi dhaifu anashauriwa arudie kidato, au anafukuziwa karo ndogo mpaka akate tamaa. Ikiwa waliingia 60 kidato cha kwanza na waliofanya mtihani ni 41, swali la kwanza ni wale 19 wako wapi. Shule iliyowafikisha wote 60 kwenye chumba cha mtihani, na ikapata wastani wa chini kidogo, mbele yangu imefanya vizuri zaidi.

Mwaka 2014 serikali, wakati Profesa Jacob Kaimenyi akiwa Waziri wa Elimu, ilisitisha kuorodhesha shule na watahiniwa kwa ubora wa matokeo. Nia ilikuwa njema, kwani mashindano yalikuwa yamezaa wizi wa mitihani na mateso kwa watoto. Hata hivyo kiu ya wazazi ya kujua haikuondoka. Orodha zikahamia kwenye simu, zikitungwa na watu wasiojulikana kutokana na matokeo ambayo kila shule hutangaza yenyewe kwa ngoma na nyimbo. Badala ya kipimo kibovu tukabaki na uvumi, na uvumi hauzitaji shule za Kasigau.

Nasema haya kwa sababu wakati wa kurekebisha ni sasa. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, katika shule zinazoitwa sekondari pevu. Zile za kitaifa sasa ni C1, na zile za kaunti ndogo ni C4. Majina yamebadilika, ngazi ni ileile. Mwanafunzi alichagua shule 12, zikiwemo 3 za kutwa katika kaunti ndogo ya nyumbani kwao, na alichagua pia mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kila shule inatakiwa kutoa mkondo wa sayansi. Lakini mkondo kwenye karatasi na mkondo wenye maabara na mwalimu ni vitu viwili, na mtoto wa Marungu aliyechagua uhandisi kwa moyo wote anaweza kujikuta anasoma Fizikia kwa mwalimu wa muda, akitazama bureti iliyo mkononi mwa mwingine. Wakati huohuo shule nyingi za kutwa nchini zilipangiwa wanafunzi wachache mno, na kwa kuwa mgao hufuata idadi ya wanafunzi, shule iliyochaguliwa na wachache itakuwa na fedha chache na walimu wachache, kisha itachaguliwa na wachache zaidi mwaka unaofuata.

Kwa hiyo mzazi wa Taita Taveta anayelinganisha shule aulize nini? Aombe kuonyeshwa walimu walioajiriwa na TSC ni wangapi kwa kila somo, na wa bodi ni wangapi, hasa Hisabati na sayansi. Aulize waliingia wangapi na waliomaliza ni wangapi. Aingie maabara, afungue bomba la maji aone kama yanatoka. Aulize chakula cha mchana ni shilingi ngapi kwa muhula, na mtoto asiyelipa anafanywaje. Aulize wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi, pamoja na wale walioenda Coast Institute of Technology kule Voi kusomea ufundi, ambao hawaonekani kwenye ule ubao kamwe. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, yanatuonyesha kwamba waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391 mwaka 2024 na 270,715 mwaka 2025, kama robo tu ya watahiniwa wote. Shule inayowajua na kuwafuatilia wanafunzi wake ambao hawakuingia kwenye robo hiyo ni shule inayojali, na mzazi anaweza kuligundua hilo kwa swali moja ofisini.

Hata hivyo mzazi mmoja mmoja hawezi kufanya kazi ya taifa. Alama za kila mtoto alipoingia ziko kwa KNEC, na alama zake alipotoka ziko hapohapo. Wanafunzi walio kidato cha tatu mwaka huu ndio wa mwisho kuwa na KCPE upande mmoja na KCSE, watakayofanya 2027, upande wa pili. Baada yao, Gredi ya 12 ya kwanza itafanya mtihani mwaka 2028, ikiwa na matokeo ya KJSEA, mtihani wa kumaliza Gredi ya 9, yaliyopangwa kwa viwango 8 katika kila somo, na hesabu itabidi ianze upya. KNEC na Wizara ya Elimu wachapishe kwa kila shule ya umma, kwa miaka mitano iliyopita, waliingia na nini, waliondoka na nini, na wangapi walipotea katikati. Shule za kutwa zenye rekodi nzuri kwa kipimo hicho, na ninaamini nyikani zipo, zipewe maabara na walimu wa sayansi kabla ya Januari ijayo, ili mtoto wa alama za kati anayetembea kwenda shule akute bureti yake mwenyewe mezani.